Mashini Niliyoandika Kwamba Ilishindwa

Jumatatu, 6 Novemba 2023

Pesa ya mashini, kompyuta ya nguvu, imekubaliwa! Mama Euphrasie, mkuu wetu, ametusomea barua ofisini mara mbili. Miaka mitatu sasa picha elfu tisa za vilima vya Kibabi na Nyamitaba zimelala kwenye disque ya kuhifadhia. Droni ya mradi ilizipiga kabla vita haijarudi. Kompyuta yangu ndogo ikifungua kilima kimoja tu, inaganda. Sasa tutaziunganisha ziwe karte, ramani moja, tuchore shamba la kila mtu. Wenye mashamba wako kambini, wengine walikimbilia Walikale. Wakirudi siku moja wakute mwingine amelima, watakuwa na karatasi mkononi.

Nitakwenda Goma kuchagua. Ama mpya moja, ama mbili zilizotumika. Bei ni ileile. Zikiwa mbili, moja inabaki hapa Bweremana, ya pili inapanda Kibabi kwa Papa Athanase. Yeye amekata kesi za mipaka kule miaka ishirini, kila ua wa mpaka anaujua. Binti yake Myriam ni mwalimu, alisoma informatique, mambo ya kompyuta. Angeishika yeye.

Mama Euphrasie: “Weye njo unajua mashini, Kahambu. Andika, mi nitatia sinyatire.”

Jumamosi, 11 Novemba

Goma tangu juzi. Straton anauza mashini zilizotumika Ulaya, za mainjinia — nzito kama tofali, kona zimechubuka. Amefungua moja kwa bisibisi mbele yangu. Memwari unaongeza, disque unabadilisha, batri unachomoa. “Dada, hii ilizaliwa juu ya kazi,” anasema. Mpya haifunguki hivyo. Kila kitu kimegandishwa ndani, ikiharibika imeharibika.

Nimezijaribu zote mbili kwa kilima kimoja, picha zilezile. Mpya, jana mchana, duka la jirani: imechukua saa nne. Ile ya Straton niliiwasha kwake jioni, inavuma kama kinu cha mihogo, nikaiacha. Asubuhi tumeikuta imemaliza. Imechukua saa kumi na moja. Nimevuta picha karibu, nimeona ua wa miyenzi, ile miti ya mipaka, nimeona hata njia ya mbuzi. Hakuna tofauti!

Lakini ile mpya. Nyembamba. Baridi mkononi. Kioo chake — nilikuwa kama nasimama juu ya Kibabi kwa macho yangu. Kwenye semina ya mwezi wa tano watu wa mashirika makubwa walifungua zao mezani, mimi nikaacha yangu ndani ya mfuko, nikajidai naandika kwa kalamu.

Hapa hasomi mtu. Basi niseme: naitaka.

Jumapili, 12 Novemba

Baada ya misa nimeandika ripoti. Kurasa mbili, jedwali safi. Mbele ya mashini ya zamani, penye majaribio: “Ilishindwa. Ilizimika kabla ya kumaliza.”

Nimefuta. Nimeandika tena vilevile.

Jumatano, 15 Novemba

Mama Euphrasie ametia sahihi bila kufungua ukurasa wa pili. Ananiamini. Ingekuwa heri angeuliza.

Ujumbe wa Myriam mangaribi: “Dada Kahambu, nasikia ya kwetu haiko tena. Haina shida. Papa atashuka kwenu.”

Haina shida!

Alhamisi, 14 Desemba

Imefika. Nimeitoa kwenye sanduku kama mutoto mchanga. Hadi saa sita kilima cha kwanza cha Kibabi kimeunganika, kizima, na Mama Euphrasie amepiga makofi. Nimefurahi. Ni kweli nimefurahi, siwezi kusema vingine.

Halafu nikamwambia niipandishe Kibabi mwenyewe kwa moto, nyuma ya dereva wa pikipiki, nikae wiki mbili, tuchore mipaka kulekule na wazee. Nilikuwa nimelipanga hilo kichwani tangu Novemba, ili uongo wangu usimtoe mtu nyumbani kwake. Amekataa palepale.

“Hii haipande kule. Bakiikamata ku bariera ya barabara, tumekwisha. Ingekuwa ile nzee, sawa, tungejaribu bahati. Lakini si ulisema ile haiweze?”

Nimesema ndiyo.

Jumatatu, 15 Januari 2024

Papa Athanase amefika jana kwa moto, vumbi mpaka kwenye nyusi. Anakaa kwa shangazi yangu, nyuma ya duka lake. Ameleta maharagi kutoka kwa Myriam, na barua ndani: nisimuache Papa akunywe kahawa nyingi, roho inamupiga. Wako wawili tu tangu mama wa Myriam alipofariki.

Ameketi mbele ya kioo. Kisha kidole kikaenda chenyewe. Hapa kwa Nzabandora. Hapa mufereji. Hapa walipigana mwaka ule, tukaweka jiwe. Akafika kwenye bati dogo linalong'aa. “Haa! Iyi ni nyumba yangu. Na ule mweupe kwa kamba ni nguo ya Myriam.”

Ni kweli. Inaonekana.

Ijumaa, 19 Januari

Mashamba arobaini na moja leo. Anafanya kazi bila kuchoka, mimi ndiye naomba pumziko. Kila jioni anapanda kilima kidogo nyuma ya kanisa la paruasi kutafuta rezo na kumpigia binti yake.

Leo, katikati ya kazi: “Mama Euphrasie aliniambia mulijaribu ile mashini ingine, ikakufa. Pole ya kuhangaika, mwanangu.”

Pole! Kwangu mimi! Nilikuwa na neno mdomoni. Nikamuuliza huu ua ni wa nani.

Jumanne, 23 Januari

Milio tangu asubuhi, upande wa juu. Wanasema ni mbali. Halafu wanasema ni Kibabi.

Papa Athanase amepanda kilima mara nne na simu. Hakuna rezo. Amerudi, ameketi kwenye kiti chake mbele ya mashini: “Tuendelee.” Tumechora mashamba mawili. La tatu alisahau jina la mwenye shamba. Yeye!

Jumatano, 24 Januari

Barabara imefungwa. Alitaka kupanda kwa miguu. Vijana wa bariera wamemrudisha. Nilikuwa nyuma yake, nikasikia anawaambia kwa upole kabisa, kama anaomba chumvi: “Niko na mutoto kule.”

Nimepiga hesabu ambayo sitaki kuipiga. Mashini ya pili ingefika Kibabi mwezi wa kumi na mbili. Panneau ya jua ya paruasi ya kule ingeichaji. Papa angekuwa kwake, na Myriam kando yake. Vita ingewakuta pamoja. Sisemi isingewakuta. Nasema pamoja.

Mashini mpya iko mezani, kioo kinawaka, nyumba yao iko katikati. Nimeizima.

Alhamisi, 25 Januari

Sijala. Shangazi anauliza kama naumwa. Nimesema kichwa.

Ijumaa, 26 Januari

Watu wa Kibabi wa kwanza wamefika, kwa njia ya pori, miguu imevimba. Papa Athanase amesimama kwenye lango la paruasi siku nzima. Kila mtu anamjua. Kila mtu anamwambia kitu tofauti. Mmoja: Myriam alitoka na wanafunzi. Mwingine: alibaki kufunga shule. Mzee mmoja alimuona kwenye barabara kubwa, na kwenye barabara kubwa ndipo walipopiga mabomu.

Hajalia. Ameniomba kahawa. Nimempa.

Jumamosi, 27 Januari

Ninaandika nimeketi kwenye ngazi za paruasi, daftari magotini. Saa tatu asubuhi. Nimemwambia.

Sikupanga. Tulikuwa tunangoja kundi la pili, akaanza kunishukuru kwa vile ninakuja kusimama naye. Nikashindwa kuvumilia.

“Papa, ile mashini ya zamani haikushindwa.”

“Ginsi gani?”

“Ilimaliza. Vizuri. Mi njo niliandika uongo, juu nilitaka hii mpya. Zingekuwa mbili. Moja ingekuwa kwako.”

Mwanamke alipita na godoro kichwani, akamsalimia, akaitikia kama kawaida.

“Ilikamata saa ngapi kumaliza?”

“Kumi na moja, Papa.”

“Kumi na moja.” Alikuwa anaangalia njia. “Unaiwasha mangaribi. Unalala. Asubuhi imemaliza.”

“Ndiyo.”

“Na sisi tunalala kila siku.”

Nilitaka anipige. Nilitaka apige kelele mbele ya watu wote, Mama Euphrasie asikie, mapadri wasikie. Hakuinua sauti.

“Mi najua njia zote za pori,” akasema. “Tangu utoto. Ningemupitisha hata na macho ya kufunga. Myriam anajua paka ile barabara kubwa tu.”

Kisha watu wakatokea kwenye kona, kumi, kumi na tano, akaondoka kwenda kuwapokea. Hakuniangalia. Nimebaki hapa. Sijui kama nimfuate ao nibaki. Sina haki ya kusimama karibu naye, na sina haki ya kuondoka.

Wanaweka mizigo chini. Anazunguka kutoka kwa mmoja hadi mwingine. Anauliza, anatingisha kichwa, anasogea. Mwanamke mmoja amemshika mkono, amemtoa pembeni, karibu na ukuta. Ana mutoto mgongoni. Si Myriam, Myriam hana mtoto. Mwanamke anaongea kwa muda mrefu. Anaonyesha juu, anaonyesha chini, anafunika mdomo na kitenge.

Papa Athanase ameshika ukuta.

Anageuka. Anatafuta kati ya watu — ananitafuta mimi. Anainua mkono, ananiita. Ninafunga daftari, ninasimama.