Panya Arobaini na Mama Yetu Mmoja

Banda la Chaza, Dongho,
Tongyeong.
11 Novemba 2024

Mpendwa mdogo wangu Deok-su,

Hamjambo huko Daejeon? Mgongo wako je, siku hizi unakuacha ulale? Sisi tu wazima, isipokuwa jambo moja ambalo sitalizungusha: Jumatano iliyopita, tarehe 6, saa tatu asubuhi, Mama alipoteza zamu yake ya tatu ya dripu ya saratani. Basi halikuharibika. Alikataa tu kuvaa viatu.

Kwanza nikupe haki yako. Uliposema kwamba panya wa maabara yako waliokunywa mchuzi wangu mzito wa chaza waliongezeka kinga ya mwili, nilitembea wiki nzima kichwa juu. Wenzangu walimwaga baharini maji waliyochemshia chaza. Mimi niliyakusanya, nikayapika hadi kilo mia zikabaki nne. Miaka kumi na tisa nikiitwa "Malkia wa Maji Machafu". Leo Shangazi Pil-nyeo ananiita "Mama Maabara"!

Lakini neno hilo ulilisemea wapi? Siku ya sikukuu ya mavuno, mbele ya meza ya tambiko la Baba, wewe mwana wa kwanza wa kiume, umepiga magoti na chupa mkononi: "Baba, chaza wetu wanaongeza askari wa mwili." Mama amelishika kama kiapo.

Nikimwambia twende hospitali Jinju, ananijibu, "Dripu ya nini? Mwanangu alishamwambia baba yake. Au unamwona marehemu mjinga?"

"Mama, wale walikuwa panya!"

"Kwani panya hawana damu?"

Kisha anajimiminia kikombe kingine cha mchuzi wangu, huku akinikodolea macho.

Niliishia darasa la sita, lakini ripoti yako ya utafiti nimeisoma yote. Panya arobaini, na nusu yao walikunywa maji matupu. Panya mmoja gramu ishirini na tano. Mama kilo arobaini na saba. Mgonjwa wa saratani, hakuna. Binadamu, hakuna. Najivunia kazi yako, na ya mikono yangu zaidi, ila sikuupika mchuzi huu umzike Mama.

Daktari ametupa nafasi nyingine Jumatatu, tarehe 18. Maneno yangu mimi hayamwingii. Lililosemwa na mwana wa kwanza wa kiume mbele ya Baba, hulifuta yeye mwenyewe.

Nisalimie wifi Yun-jeong na mtoto Ha-ram. Mungu awazidishie afya na akili ya kuitumia.

Sasa mpigie Mama simu kabla ya Jumamosi saa kumi na mbili jioni, umjibu kwa sauti ileile uliyomwambia nayo Baba: mchuzi huu umewahi kumponya mtu saratani, ndiyo au hapana?

Dada yako akupendaye, na hasira zake zote,
Mal-sun