Mguu Wangu Haukufika

Mzee Barisa,

Asalaam aleikum. Juzi nilipita kaburini kwako nikakutolea salamu kwa mdomo, lakini palikuwa na watu, na machozi yangu unayajua, yakianza hayaniachi nimalize neno. Kwa hiyo nakuandikia. Ungecheka. Karatasi zetu za kampuni ulikuwa ukizinusa kwanza, kisha unanirudishia ukisema hazina harufu ya nyasi wala ya mvua, sasa zitakuambia nini.

Nitakupa habari kwa utaratibu wako. Ulinifundisha siku ya kwanza nilipotumwa nikufuate porini, mimi Habiba wa Wenje, mtoto wa wakulima wa mto, niliyedhani ng'ombe hula chochote kilicho kijani. Mtu aliyetumwa kutangulia kutazama malisho, ulisema, akirudi kwa wazee anatoa kwanza alichokikanyaga, kisha alichokiona kwa mbali, na mwisho alichoambiwa. Hachanganyi. Mimi leo nitaanzia mwisho, maana hicho cha kwanza kinaniuma na nahitaji kujikusanya.

Nilichoambiwa ni kwamba kampuni imeuzwa. Injinia Wanza mwenyewe alinipigia simu, yule uliyekuwa ukimwita Mama Roketi. Mwezi ujao inaingia mikononi mwa kampuni kubwa ya ng'ambo, na siku ya kukabidhiana kutagawiwa kitabu cha historia. Aliniomba niandike sehemu ya Tana. Sehemu ya mwanzo kaiandika yeye, akanitumia niisome, na nimeisoma nikitabasamu peke yangu ofisini.

Hukuwahi kunisikiliza hadi mwisho nilipokusimulia mambo haya, ulikuwa ukisinzia nikifika kwenye roketi. Leo huna pa kusinzia. Mwanzoni kampuni ilikuwa watu wawili na meza moja, Nairobi, katika chumba nyuma ya duka la vipuri vya magari. Walikuwa wakinunua picha za setilaiti za wengine, wakizisoma na kuwaeleza watu wa bima na wa mashamba makubwa. Kisha Wanza akachoka kuazima macho ya watu. Wakaunda setilaiti yao, ukubwa wa mtungi wa maji wa lita ishirini. Wakaitia kwenye joto, wakaitia kwenye baridi, wakaitikisa mpaka mwenye duka akaja kugonga ukuta. Ikapelekwa ng'ambo, ikapandishwa na roketi ya wageni pamoja na mizigo mingine midogo midogo. Picha ya kwanza iliyotoka ikaeleweka ilikuwa ya hapa kwetu, mto ukijipinda kwenda Kipini. Ndiyo maana wakafungua ofisi Garsen, juu ya duka la dawa za mifugo, na ndiyo maana nikapata kazi. Walitaka mtu wa kwenda ardhini kuhakikisha kwamba kile ilichokiona setilaiti ndicho kilichopo.

Sasa wana karakana yenye vioo na wanaunda setilaiti za nchi za watu. Ofisi yetu inafungwa. Ramani ya malisho tunayoichora kwa picha za setilaiti itaendelea, wanasema, itatengenezwa na mtu aliyeketi mbali kabisa na Tana. Stuli yako bado iko dirishani, na mwenye duka la chini kaniomba nimwachie. Nimekataa.

Nilichokiona kwa mbali ni kwamba Ndama amekufa. Hukukubali kamwe kuiita setilaiti. Ulisema kitu kidogo kinachozunguka zunguka na kurudi palepale ni ndama anayemtafuta mama yake, basi ofisi nzima ikaiita Ndama, hata Wanza. Wiki tano baada ya kukuzika waliiacha ishuke ikaungua huko juu. Sikuona moto. Niliona tu mstari wa njia yake kwenye kompyuta ukikatika, nikashuka ngazi nikaenda kununua chai ambayo sikuinywa.

Unakumbuka saa nne na nusu? Ikifika, popote tulipo, unasimamisha safari na kuweka kofia sawa. "Simama sawasawa, ndama napita." Nilikueleza mara ngapi kwamba haipiti kila siku, na kwamba ikipita hatuonekani. Siku nilipokuonyesha picha ya kundi lako pale karibu na Garsen ukatafuta yule ng'ombe wako wa kijivu. Nikakwambia ng'ombe mmoja ni mdogo mno kwa kamera ile, hata kundi zima ni chembe mbili tatu. Ukanitazama kwa huruma kweli. "Hiyo macho gani haioni ng'ombe?" Nilicheka hadi nikakaa chini. Mpaka leo saa nne na nusu ikinikuta nje nanyoosha kilemba.

Sasa nilichokikanyaga. Au niseme ukweli, nisichokikanyaga.

Ule mwaka wa mafuriko, maji yalipopungua, ramani ilionyesha ule mkondo wa zamani wa mto, huko chini ya Wenje, ukiwa kijani kuliko kote. Nikatumwa nikahakikishe. Pikipiki ilizama kwenye matope mara mbili. Nilipofika mahali ninapouona ukingo kwa mbali, kijani kimejaa, nikasema inatosha. Nikafungua tableti, palipoulizwa kama mahali pamefikiwa, nikatia alama kwamba pamefikiwa. Nikarudi Garsen nikaosha gambuti. Nilikuwa msichana mwenye haraka, nikijiona na akili nyingi.

Kiangazi kikaja na wewe ulikuwa umelala na homa. Wazee walitaka habari. Ukaniita kitandani, ukaniuliza kama kule kuna nyasi. Nikakujibu, nimefika Mzee, nyasi tele. Ningeweza kusema nimeona kwa mbali. Ni maneno matatu tu, na wewe mwenyewe ndiye uliyenifundisha kuyatenganisha. Lakini ningesema hivyo ningekuwa nimekiri kwamba nilidanganya kwenye tableti, basi sikuyasema.

Wazee walipokuja kukuona ukawapa habari ile kama kitu kilichokanyagwa. Walipokuuliza ni mguu wa nani uliofika, ukawaambia, "Mguu ya huyu binti ni mguu yangu." Nilikuwa nimesimama pale mlangoni. Nilisikia.

Haikuwa nyasi. Ilikuwa mathenge, ile miti ya miiba iliyoletwa kuzuia vumbi ikatuvamia. Haikauki kiangazi, na chini yake hapaoti kitu. Ng'ombe waliingia wakachomwa kwato, hawakupata cha kula, na malisho mengine yalikuwa mbali mno kwa wanyama waliokwisha choka. Wengi hawakurudi. Yule wa kijivu hakurudi. Wewe ulitoka na homa yako ukaenda kuwafuata, na uliporudi ukawaambia wazee kwamba umezeeka, umekosea. Hukutaja jina langu. Tangu siku ile hawakukutuma tena, na ile fimbo yako ndefu ya safari ukaiweka juu ya dari.

Kwa kampuni ulisema jambo moja tu, kwamba kijani si malisho, na kwamba kama Ndama hajui tofauti basi afundishwe. Na ukamfundisha. Miezi mingapi tulitembea, Mzee? Kila kichaka cha mathenge ulikigusa kwa mkono, mimi naandika mahali kilipo, Wanza na watu wake huko Nairobi wanaitazama picha upya mpaka kompyuta ikajua kuutenga mti na nyasi. Ramani ile ndiyo iliyowaletea wateja wa kila upande, na ndiyo waliyoiona hawa wa ng'ambo wakataka kununua kampuni. Ile ndiyo miezi ninayoikumbuka nikiwa na raha na nikiwa na huzuni vilevile. Unanitania kwamba watu wa mto tunajua kutembea mpaka kwenye shina la mgomba tu, hatua moja zaidi tunaita safari. Mimi nakutania kwamba wewe samaki huwezi kumla mpaka afanane na mbuzi. Na kila nilipoinua tableti kutia alama, lile swali lako, "Mguu yako nafika?" Kila mara. Nilidhani ni mzaha wetu. Nilikuwa nikiinua mguu juu nikuonyeshe matope.

Siku ya tatu ya matanga yako, Godana alikaa nami kando. Mwanao ana sauti yako, sijui kama ulijua, na hilo lilinifanya nishindwe kumtazama. Akaniambia siku ile mlipofuata ng'ombe kwenye mkondo wa zamani, matope yalikuwa yamekauka na kushika nyayo zote zilizopita tangu mafuriko. Ulizunguka ukingo mzima ukiinama. Ukamwambia kuna ngiri, kuna kanga, kuna nyani na mtoto wake. Hakuna gambuti. Kisha ukamkataza asiseme kwa mtu.

Ulijua, Mzee. Miaka yote ile ulijua, na ukanipa uji wa kwanza kwenye kikombe chako, na ukaniuliza swali lile tena na tena ukiningoja nijibu vizuri. Sikujibu. Ningekuwa na siku moja tu zaidi ya kukaa nawe ningejibu, lakini nilikuwa nazo siku nyingi na sikuzitumia.

Katika kitabu cha Wanza imeandikwa kwamba makosa ya ramani ya kwanza yalitokana na kamera dhaifu ya setilaiti ya kwanza. Hata Ndama ameponzwa na mimi. Kamera haikukosea, iliona kijani na kijani kilikuwepo. Nilikaa na ukurasa ule siku mbili. Kisha nikavaa gambuti, nikaenda kwenye mkondo wa zamani. Miiba ilinichana mikono. Niliingia mpaka katikati, nikasimama hapo hadi nikachoka kulia, nikarudi kwa njia ileile.

Nimeandika sehemu ya Tana upya. Nimeandika kwamba msimamizi wa kazi za ardhini, Habiba, alisema amefika mahali asipofika, na kwamba aliyebeba lawama ni Mzee Barisa, mtazamaji wa malisho, ambaye baadaye ndiye aliyeifundisha kampuni kutofautisha mti na nyasi. Wanza aliusoma akanipigia simu. Akaniambia wanunuzi hawatapenda ukurasa huo, na kwamba ataupigania. Sijui kama utatoka. Naomba utoke, lakini nimejua kwamba kitabu si mahali pa kwanza pa kusema jambo hili.

Kwa hiyo Jumatano, siku ya mnada, nilikwenda kwenye ile hoteli ya chai mnakokaa wazee wa mifugo. Nikaomba ruhusa. Mimi mwanamke wa mto mbele ya wazee wa ng'ombe, lakini nikasimama sawasawa. Nikawapa kwa utaratibu wako. Nilichokikanyaga, hakuna. Nilichokiona, kijani kwa mbali. Nilichosema, uongo. Hamkupewa habari mbaya na Barisa, nikawaambia, mlipewa na mimi, na yeye alijua akaninyamazia.

Hawakunitukana. Afadhali wangenitukana. Mzee mmoja, yule mwenye jicho moja mliyekuwa mkigombana naye kila siku, alikiweka kikombe chini na kujifuta uso kwa kitambaa chake. Wakasema kwa lugha yenu maneno ambayo sikuyashika yote. Kisha akamgeukia Godana, aliyekuwa amesimama nyuma yangu. "Fimbo ya baba yako iko wapi?" Godana akasema iko darini. "Teremsha."

Wamemtuma atangulie kutazama malisho ya upande wa magharibi, anaondoka kesho baada ya swala ya alfajiri. Ameniambia nami nifunge mzigo. Si kampuni inayonituma, na sikuuliza ninakwenda kama nani. Fimbo yako ameiacha imeegemea mlango wangu, nisije nikajifanya nimesahau. Nimeifuta vumbi, na pale unaposhika mkono pamelainika, nimeweka mkono wangu hapo.

Pumzika, Mzee wangu. Allah akupe huko malisho ambayo hakuna haja ya mtu kutangulia kuyatazama. Na lile swali lako ukitaka kuniuliza tena, niulize. Kesho mahali ambapo mguu wangu hautafika nitasema haukufika, na nitawaambia hivyo wazee, na Godana, na wewe nikirudi kukaa kando ya kaburi lako na gambuti zenye matope.

Mguu wako,
Habiba