Sikio la Mrusha Mpira

Kelby, Pennsylvania

Dada yangu Lorna,

Natumai goti lako limepata nafuu. Mimi bado nazunguka nikisaka vipaji vya besiboli na kula soseji za uwanjani mpaka tumbo linanilaani. Hapa Kelby wazee wanaapa kwamba mchezo huu ulizaliwa kwenye malisho yao ya ng'ombe. Nikawaambia kila mji una malisho ya namna hiyo. Mmoja akanirukia, "Wee kijana, kwani baba yako mwenyewe unamjua?" Wenzake wakaangua kicheko. Nami nikacheka, kidogo.

Jana nilimtazama mrusha mpira mmoja, Corwin. Mkono wake wa kushoto ni moto. Ila kabla ya kurusha huvuta sikio, kisha hupuliza vidole. Lorna, unajua ni nani aliyekuwa akifanya hivyo uani kwetu, kabla Mama hajatuambia kwamba amekufa.

Sisi wasaka vipaji huomba kumwona baba mtu, maana umbo lake hutuonyesha kijana atakavyokuja kujaa. Nikamwuliza Corwin, "Mzee wako yuko wapi? Ndiye aliyekufunza?"

"Ndiye. Lakini leo humpati, kaka," akasema akitabasamu. "Mechi zote huja, ila akisikia kuna msaka vipaji, hatoki nyumbani. Anasema mwanawe mkubwa anafanya kazi hiyo."

Nimechukua chumba hapa mpaka Jumapili. Mama usimwambie kitu. Wewe njoo.

Nduguyo,
Orrin