Mfagiaji Uliyemwandika Wewe

Okoth,

Nakuandikia nikiwa na hasira, na nakuambia mapema usije ukadhani nimeketi hapa Riruta nikikulilia. Kulia nililia siku tuliyokuzika kwenu. Leo nimewakasirikia watu wa mradi, nimekukasirikia wewe, na zaidi ya wote nimejikasirikia mimi, mwalimu mzima wa hesabu niliyestaafu, kwa kosa ambalo ningemsimamisha mwanafunzi wa kidato cha kwanza mbele ya darasa kwa kulifanya.

Ngoja nikueleze kwa utaratibu. Unajua sina namna nyingine ya kusema jambo.

Wiki tatu zilizopita Pieter, yule mshika usukani wa mradi huko Ulaya, aliwaandikia barua pepe watu wote wa orodha. Toleo jipya la ile mashine yetu ya programu linakaribia kutoka. Alisema sehemu iliyomfurahisha kuliko zote ni mfagiaji, kile kipande kinachoondoa taka kwenye kumbukumbu ya mashine, akampongeza mtunzi wake kwa uvumilivu na kwa akili pevu. Watu kumi na kitu, ambao mimi na wewe hatujawahi kuwaona uso, wakaandika kumuunga mkono. Na huyo mtunzi waliyempongeza ni mimi.

Mimi, Okoth! Mimi ambaye kazi yangu ilikuwa kuwa na laini ya simu.

Nilisoma pongezi zile nikakumbuka jinsi ulivyokuwa ukija kwa miguu kutoka Kianda, huko Kibera, unakata Ngong Road, unapita Dagoretti Corner, hadi hapa kwangu, disketi mfukoni imefungwa kwa karatasi ya nailoni kama kitambulisho. Unaingia hata hujaniamkia. "Mwalimu, washa modemu, hii kitu imefanya!" Nami nawasha, inalia na kukwaruza, tunatuma kazi yako kwa kutumia anwani yangu kwa sababu wewe huna anwani. Huna simu, huna sanduku la posta. Una chumba kimoja, redio mbovu za watu, na kompyuta uliyoiokota ofisi fulani ilipokuwa ikitupa vitu vya zamani. Stima ikikatika, unaandika programu kwa kalamu katika madaftari ya miraba, kisha unaniletea nisahihishe kwa wino mwekundu. Makosa niliyoyaona yalikuwa machache, na mengi kati yake hayakuwa makosa. Mimi ndiye sikuwa nimeelewa.

Kwenye mazishi mchungaji alisema ulikuwa fundi wa redio. Ni kweli, lakini si kweli yote. Nikaomba nafasi nieleze. Nikawaambia ulikuwa mmoja wa watu wanaojenga, bure na kwa pamoja, mashine isiyo na chuma: programu inayojifanya kompyuta, ili lugha yoyote ya programu ikishatafsiriwa kwa maagizo yake iweze kwenda popote, kwenye mtambo wa chuo kikuu au kwenye takataka uliyoiokota wewe. Mjomba wako akauliza, "Hiyo mashine iko wapi tuione?" Watu wakacheka. Sikukasirika. Swali lilikuwa zuri, ila jibu lake linahitaji ubao.

Ningekuwa na ubao ningewachorea vile vifungo. Mkeo Auma alikuwa na mkebe wa vifungo vya mashati anayowashonea wateja, nawe ukavimwaga vyote kitandani siku ile niliyokuja Kianda. Kila kifungo ni kitu kimoja katika kumbukumbu ya mashine. Uzi kati ya viwili maana yake huyu anamtaja yule. Wazungu walikuwa wakihesabu nyuzi: kifungo kikibaki bila uzi, kinatupwa. Ukachukua vifungo viwili vyekundu, ukavifunga pamoja, ukakata uzi wa kwenda kwa vingine vyote. "Tazama, Mwalimu. Hakuna mtu anawataka hawa. Lakini wameshikana, so wakihesabu hawatawahi kuwatupa. Taka inajaa mpaka mashine inalala." Halafu ukanionyesha njia yako: anzia kwenye mzizi, yaani kile ambacho programu inakitumia sasa hivi, fuata kila uzi, kitie alama kila unachokifikia, na kisichofikiwa fagia, hata kama kimeshikana na mwenzake. Wazo lenyewe ni la zamani vitabuni. Lakini kulifanya litembee ndani ya kumbukumbu ndogo kama yako bila mashine kusimama, hilo lilikuwa lako. Pieter alibishana nawe miezi minne, akidhani anabishana nami.

Sasa kosa lenyewe. Wale watu wana kawaida nzuri tu: kila anayechangia atie saini karatasi kwamba kazi ni yake mwenyewe na kwamba anaiachilia kwa wote. Karatasi ilikuja kwa posta, kwenye sanduku langu, kwa jina langu, kwa kuwa barua zote zilikuwa za jina langu. Nikakwambia tuwaandikie watume nyingine yenye jina lako. Ulikuwa hapo mlangoni ukila ndizi. "Ah, Mwalimu, saini tu wewe. Jina ni ya nini? Muhimu ifanye." Nikasaini. Nilijua kusoma, nilisoma kila neno, na nikaandika kwa mkono wangu kwamba kazi yako ni yangu. Nilisema tutarekebisha baadaye.

Wala hukuniambia unakohoa damu. Ulikuwa ukigeuza uso na kusema ni vumbi la Kibera. Kifua kilikuchukua katika wiki mbili, na hilo "baadaye" langu likabaki mkononi.

Kwa hiyo nilipoona pongezi zile nilimwandikia Pieter ukweli. Alinijibu kwa adabu, na adabu hiyo ndiyo iliyonichoma. Alinipa pole. Kisha akaeleza kwamba kama mimi si mtunzi, basi karatasi yangu ni batili na mfagiaji hawezi kubaki ndani ya toleo. Inatakiwa karatasi ya mtunzi, na kama amefariki, ya mrithi wake halali. Au, akaongeza, tuache mambo yalivyo, maana mwenyewe aliridhia, na hakuna atakayeumia.

Hakuna atakayeumia! Nilizima kompyuta nikatoka nje kutembea bila koti, na mvua inanyesha.

Kesho yake nilikwenda Kianda na karatasi mpya. Auma bado anashonea pale barazani, karibu na kituo cha Olympic. Hakunikaribisha kiti. "Mwalimu, nyinyi na hiyo mashine yenu! Mtu amekufa na bado mnamtuma kazi?" Wateja wawili waliokuwa wakisubiri nguo wakaangalia chini. Nikamweleza kwamba akisaini, kazi yako itatumiwa na watu wote duniani bure. "Nisaini niwape? Kwani hawajachukua?"

Akauliza jina lako litakaa wapi. Nami, kwa ujinga wa mtu aliyezoea kuonyesha mifano, nikatoa orodha ya watunzi niliyokuwa nimeichapisha. Alipitisha kidole kwa majina yale ya kigeni, polepole, mpaka kikasimama.

"Hapa ni wewe."

Nikasema ndiyo.

"Na yeye?"

Okoth, nimefundisha darasa la watoto hamsini na wanne bila vitabu, lakini mbele ya swali lile niliikunja orodha nikaitia mfukoni. Auma akakanyaga cherehani, akashona mshono mzima, ndipo akasema bila kuinua macho: "Alichukua mkebe wangu wote wa vifungo. Nilikuwa natukanwa na wateja juu ya mashati ya wazi. Nilivumilia kwa sababu aliniambia ni kazi yake. Yake, Mwalimu. Hakuniambia ni yako."

Halafu akanirudishia karatasi. "Futa jina lako kwanza. Mimi siwezi saini kitu ya bwanangu ikiwa na jina ya mwanamume mwingine." Nikajaribu kumweleza utaratibu wao, kwamba karatasi hutangulia na jina hufuata. Akasema, "Hao na utaratibu wao. Mimi nangoja."

Nikarudi nyumbani. Niliona njia mbili tu. Nikinyamaza, kazi yako itaishi na jina lako litakufa. Nikisema hadharani, nitaiua kazi kwanza, na sina hakika kama nitaweza kuifufua. Nilijua wewe ungechagua nini. Ulishasema: muhimu ifanye. Na hapo ndipo hasira yangu juu yako ilipo, rafiki yangu. Ni rahisi mtu kusema jina si kitu anapodhani atakuwepo kesho kulisema mwenyewe.

Nikakukaidi. Niliandika kwa orodha nzima, si kwa Pieter peke yake. Nilisema kwamba nilisaini uongo, nikaondoa saini yangu, nikaomba mfagiaji atolewe mpaka atakaporudi na jina lako. Kijana mmoja akajibu kwamba mzee ameharibu kazi ya wengi kwa ajili ya hisia. Nikamjibu aya sita. Ungezicheka.

Alhamisi wakamtoa mfagiaji. Wamerudisha ule utaratibu wa kuhesabu nyuzi, na sasa vile vifungo viwili vyekundu vimo tena ndani ya mashine, vimeshikana, hakuna wa kuviondoa. Watu wanaolijaribu toleo hilo wameanza kulalamika kwamba programu zao zinajaa na kulala. Kila lalamiko linanikata, kwa sababu kitu chako kilikuwa kinafanya na mimi ndiye niliyekisimamisha.

Ijumaa nilimpelekea Auma orodha mpya. Jina langu halimo. Lako pia halimo. Aliisoma mara mbili akahakikisha, kisha akasogeza kitambaa, akalaza karatasi juu ya meza ya cherehani. Mahali pa mtunzi hakuniachia niandike mimi. Aliandika mwenyewe majina yako yote matatu, la ubatizo, la kwako, na la baba yako, kwa herufi kubwa, akishikilia kalamu kama sindano. Chini yake akasaini kama mke wako. Akaniambia, "Ikipotea kwa njia, usirudi hapa na hadithi." Nikamwahidi, na hivi ninavyokuandikia nina risiti ya posta ya barua ya rejista, pamoja na barua ya chifu na cheti cha kifo chako.

Sijui kama mawakili wao watakubali. Toleo linaweza kutoka bila wewe. Wakikataa nitaandika tena, na tena, na nikishindwa kuandika nitamfundisha mtu mwingine aandike.

Hasira haijaisha, Okoth, lakini nimechoka kwa leo na ni lazima nikuage. Madaftari yako ya miraba ninayo yote tisa, Auma amenipa. Hukuacha neno hata moja la maelezo pembeni. Kila kitu ulikibeba kichwani, ukaondoka nacho. Nitayaeleza, mstari kwa mstari, mpaka mtoto yeyote wa Kianda au wa Kawangware mwenye penseli aweze kumjenga mfagiaji huyo upya bila kumwomba mtu ruhusa. Naahidi. Na kila ukurasa utaanza na maneno haya mawili: Okoth aliandika.

Lala salama, ndugu yangu.

Mwalimu