Wati Sitini za Chumba cha Baba

Alhamisi, Moa. Joto la kaskazi. Hewa imesimama tangu asubuhi, nguo za kwenye kamba zimekauka bila kutikisika.

Leo nimesema kwa sauti jambo ambalo sijawahi kulisema hata kimoyomoyo. Naliandika hapa mapema, kabla sijaanza kulipamba.

Nilihamia huku kwa mama baada ya sukari kumzidi. Insulini inataka baridi, na nguzo za umeme zimeishia mbali na kwetu. Kwa miezi kadhaa nimekuwa nikibeba chupa zake kwa bodaboda kutoka kwenye friji ya watu, nimezifunga kwenye kitambaa kibichi. Mwezi huu nikasema basi. Nikaweka sola: paneli mbili juu ya bati, betri moja nzito, inveta, na friji ndogo.

Fundi Hatibu alikuja kutoka Ngamiani, mjini, na mfuko wa vifaa na shikamoo nyingi kwa mama. Kwa kupenda njia ya mkato nikamwambia atumie nyaya za marehemu baba, alizozitandaza mwenyewe nyumba nzima enzi za jenereta. Fundi akakuna kichwa.

"Dada Mwanaidi, waya wa zamani ni kama mume wa zamani. Lazima uukague chumba kwa chumba."

Nikamwambia chumba kimoja hakikaguliki.

Baba ana miaka sita kaburini. Kwetu vitu vya marehemu haviguswi mpaka warithi wote wakutane, na mmoja wetu hajafika. Kaka Saidi, mtoto wa mke wa kwanza wa baba, yuko Pemba. Kila mwaka husema atakuja karafuu zikishavunwa. Mama akafunga mlango wa chumba cha baba, ufunguo akaufundika kwenye pindo la leso. Akibadilisha leso, anahamisha fundo.

Siku ya kwanza friji ikaunguruma, mama akacheka peke yake. Alfajiri, kabla ya adhana, inveta ikapiga mlio na kuzima. Chupa za insulini zikatoka jasho.

Siku ya pili vivyo hivyo. Na ya tatu.

Mimi nimefundisha hesabu miaka kumi na tisa. Siamini vinyamkela wala mashetani mengine, naamini jumla. Nilikaa na karatasi: jua limeingiza kiasi gani, friji inakula kiasi gani, taa mbili zinakula kiasi gani. Kwa hesabu yangu betri ilitakiwa ifike asubuhi na akiba juu. Nikamlaumu aliyeniuzia betri, nikamlaumu fundi, nikalaumu hata mawingu ambayo hayakuwepo.

Jana adhuhuri nikazima kila kitu. Friji nikaichomoa, taa zote nikazima, hata chaja ya simu. Nikaenda kutazama kioo cha inveta, nikitegemea sifuri.

Wati sitini.

Nilisimama pale muda mrefu. Nyumba ilikuwa kimya kwa mara ya kwanza tangu friji iingie, na katika kimya kile nikasikia. Tik. Tik. Tik. Sauti ilitoka nyuma ya mlango wa baba. Nikaweka kiganja chini ya mlango. Upepo ulikuwa unatoka.

Niseme ukweli, nilikimbia. Mwalimu mzima, nilitoka uani na kiatu kimoja.

Mama alikuwa anachambua mchele. Nikamwambia pangaboi la baba linazunguka. Hakuinua hata uso.

"Siku ya tatu namsikia," akasema. "Nikadhani mmemwashia makusudi."

Ndipo nikaelewa kwa nini juzi alimwambia jirani atwange taratibu kwa kuwa mwenye nyumba kapumzika. Nilidhani ni ulimi wa uzee.

Leo fundi karudi. Akasema kiungo kinachopeleka umeme kwenye friji kiko ndani ya chumba hicho, hakuna namna ya kulikata pangaboi bila kuingia. Tukampigia simu Kaka Saidi. Nikamweleza.

"Fungueni," akasema. "Mie nisharidhia. Mama yetu kwanza."

Mama alifundua ufunguo kwa meno. Akabisha hodi mara tatu, akatoa salamu ndani ya chumba kitupu, akangoja kidogo kama anayempa mtu nafasi ya kuvaa shati. Kisha akafungua.

Ndani kulikuwa na ubaridi. Nilitegemea vumbi la miaka sita juu ya kitanda, lakini godoro lilikuwa safi. Vumbi lote lilikuwa limesukumwa pembeni, limejikusanya kwenye kuta, na katikati pamebaki mahali pa mtu kulala.

Fundi akaangalia swichi ukutani, kisha akaniangalia mimi.

Ilikuwa imezimwa.

"Chumvi hiyo, dada. Hewa ya bahari inakula ndani, vyuma vinagusana vyenyewe." Alisema haraka, huku anatafuta koleo. Inawezekana. Nimeona bawaba zikiliwa na chumvi, kwa nini si swichi? Lakini swichi ile niliizima mimi. Usiku wa msiba walipowasha jenereta, pangaboi lilianza kuzunguka juu ya baba, shuka aliyofunikwa ikapepea usoni, wanawake wakapiga kelele. Nilikwenda nikazima kwa mkono wangu huu.

Fundi alipanda juu ya stuli. Mama akamzuia.

"Usimkatie mtu upepo bila kumwambia." Akanigeukia. "Mwambie wewe. Siku ile wewe ndiye uliyekuwa naye."

Ningeweza kusema maneno mawili ya adabu yakaisha. Baba tunazima, tuwie radhi. Ndiyo niliyokusudia. Nikaweka mkono kwenye godoro, nikaona lina baridi, na mdomo ukasema mengine.

"Baba, petroli ilikuwepo."

Fundi akatazama dari.

Nikasema yote. Kwamba siku ile aliniomba niwashe jenereta apate upepo, kifua kilikuwa kimembana na joto lilikuwa kama la leo. Kwamba nilimwambia mafuta yameisha. Kwamba dumu lilikuwa jikoni, nyuma ya gunia la mkaa, na halikuwa tupu. Nilikuwa nimemwuguza wiki tatu, kichwa kinaniuma, nilitaka saa moja tu bila ile kelele. Nikalala kwenye mkeka sebuleni. Nilipoamka alikuwa ameshakwenda. Na usiku, watu walipouliza mafuta, nikaenda jikoni nikatoa dumu lile lile nikasema nimetoka kuazima.

Tik, tik, tik, juu ya vichwa vyetu.

Fundi akakata waya. Pangaboi liliendelea kuzunguka muda mrefu kuliko nilivyodhani, likipungua, likipungua, mpaka likasimama. Joto likaingia chumbani mara moja.

Nilipogeuka mama hakuwepo. Alikuwa ameshaingia chumbani kwake.

Fundi ameondoka na basi la alasiri, hakutaka hata chai. Kioo cha inveta sasa kinasoma friji peke yake, na betri imejaa. Nimefungua friji mara tatu kugusa chupa. Ziko baridi kama zinavyotakiwa. Kwa hesabu yoyote ile, insulini ya mama itafika kesho asubuhi salama.

Sindano yake ni saa moja, baada ya magharibi. Mimi ndiye ninayemchoma, na mimi tu. Nimeshanawa mikono, nimeandaa pamba, nimebisha mlango wake mara mbili. Nasikia tasbihi ikihesabiwa ndani.

Adhana imetoka sasa hivi. Sijui kama atanipa mkono wake.