Aliyepaswa Kungoja

Gasan, Marinduque
14 Juni 1993

Bibi yangu mpenzi,

Naushika mkono wako na kuuweka kwenye paji la uso wangu, ingawa kati yetu kuna bahari na mabasi mawili. Hujambo? Goti la kushoto linasemaje na mvua hizi? Mimi mzima, ila mbu wa huku wamenizoea upesi kuliko watu.

Najua hukutaka nije. Ulisema kisiwa hiki hakina la kumfundisha mtu isipokuwa jinsi ya kuondoka. Lakini Profesa Magsino ndiye aliyetugawia mahali pa kufanyia utafiti, na mimi nikaangukia Marinduque, ulikozaliwa wewe. Kazi yangu ni miiko ya matanga. Tangu nifike wamekufa watu watatu, na nimekaa matanga yote matatu, nikila biskuti za uwanga na kuandika. Jirani mmoja mzee ameanza kunikwepa. Anasema kila nikinunua daftari jipya mtu hukata roho.

Bibi, kumbe mambo ni mengi. Nyumba yenye maiti haifagiwi. Wafiwa hawamsindikizi mgeni hadi langoni. Hakuna kuondoka na chakula, hata punje ya karanga. Linalonishangaza zaidi ni lile la kujikung'uta: hakuna anayetoka matangani akaenda moja kwa moja nyumbani. Jana niliongozana na watu watano. Tuliingia duka la njia panda, kila mtu akaagiza soda ambayo hakuwa na kiu nayo, tukakaa dakika tano tunatazamana, kisha tukatawanyika. Nikauliza kwa nini. Ili marehemu asitufuate, wakasema. Nikauliza itakuwaje mtu akipitiliza hadi kwake. Walinitazama kama niliyeuliza itakuwaje mtu akiacha kupumua. Hakuna aliyewahi kujaribu. Nawe ulitusimamisha kwenye uwanja wa kanisa mvua ikitupiga, siku tulipotoka matanga ya Mzee Tonyo. Niambie, kwani mfu anatufuatia nini?

Jambo jingine. Kuna bibi mmoja aliyekuwa akikata tangawizi jikoni kwa wafiwa. Akaniuliza mimi ni mjukuu wa nani. Nilipotaja Iluminada aliweka kisu chini, akanishika mkono, akazitazama kucha zangu kwa muda mrefu. "Una kucha za mama yetu," akasema, halafu akanijazia wali hadi sahani ikafurika. Jina lake Pacencia. Unamfahamu?

Mjukuu wako,
Vangie


Sariaya
27 Juni 1993

Mjukuu wangu Evangeline,

Barua nimeipata. Mimi sijambo, goti halijambo, baba yako hajambo ila tumbo lake linazidi kumtangulia. Mungu akulinde huko uliko.

Kwa hiyo chuo kikuu kizima kimekaa kukufundisha yale niliyokupigia vidole ukiwa na miaka sita? Haya, andika. Mfu wa siku mbili tatu ni kama mgeni wa karamu ambaye hajajua kuwa karamu imekwisha. Akikuona unatoka, naye anatoka, hasa kama alikupenda. Ukiingia mahali penye watu anapotewa na wewe, anarudi kwake. Ile siku ya Mzee Tonyo duka lilikuwa limefungwa, ndiyo maana tukasimama kanisani. Usinitie kwenye kitabu kwa kosa la mwenye duka.

Pacencia, tuliyemwita Pasing, ni mdogo wangu, tumbo moja, baba mmoja. Baba yako anajua, nilimkataza kusema. Sasa sikiliza, sitarudia. Mwaka 1938 mimi na babu yako Florencio tulikuwa tumeshaposana. Wazazi wake walikuja kwetu na vyakula vyao, wakaomba, wakakubaliwa, harusi ikapangwa Novemba. Mwezi wa Februari Pasing akatoroka na mwanamume wa Boac, na juma hilohilo wakaoana. Mwiko unaujua: ndugu wawili hawaolewi mwaka mmoja. Bahati ya nyumba ni moja. Ikigawanywa mara mbili, kuna atakayepunjwa. Aliyepunjwa ni mimi. Florencio alikuwa mgema, hakuna mnazi uliomshinda, na miezi mitatu baada ya harusi yetu alianguka akiwa na kibuyu cha tembo kiunoni. Baba yako alikuwa bado tumboni. Pasing aliujua mwiko kama mimi, na aliniua mume bila kumgusa. Nilivuka bahari na sijarudi.

Umejua, basi funga daftari. Na usile kwake.

Bibi yako,
Iluminada


Gasan
18 Julai 1993

Bibi mpenzi,

Mkono wako kwenye paji la uso wangu. Natumaini mzima, na baba pia, na tumbo lake.

Nisamehe. Barua yako ilipofika nilikuwa nimekwisha kula kwake mara saba. Anapika mchuzi wa damu ya nguruwe kama wewe, siki nyingi na pilipili nzima zinazoelea juu. Ananieleza kila kitu: nani alimchukia nani, mzimu gani unakaa mwembe upi. Nikitaja 1938 anazoa vyombo. "Muulize dada yangu," anasema. "Yeye ndiye mkubwa."

Kwa hiyo nimewauliza wengine. Nimekwenda vijiji vinne, nimezungumza na wazee kumi na saba juu ya mwiko wa ndugu wawili, bila kutaja jina la mtu. Wanabishana kila kitu. Wengine wanahesabu mwaka wa kalenda, wengine miezi kumi na miwili. Wengine wanasema mtoto wa kambo hahesabiwi. Bibi mmoja nusura amrushie mwenzake kandambili kwa hilo. Lakini kuna neno moja ambalo wote kumi na saba walilijibu bila hata kufikiri: aliyetangulia ametangulia, anayengoja ni wa pili. Nikauliza, hata kama huyo wa pili ndiye aliyeposwa kwanza? Hata hivyo, wakasema. Mgema mmoja alinicheka. Alisema hata mtoto anajua kwamba mlango ukishapitwa na mmoja, mwingine anasubiri.

Kuuliza si ujinga, Bibi. Yeye aliolewa Februari, wewe Novemba. Sasa nani alipaswa kungoja? Nijibu upesi, nataka kuiandika sura hiyo kabla ya Agosti.

Mjukuu wako,
Vangie


Gasan
26 Agosti 1993

Bibi,

Mkono wako kwenye paji la uso wangu, kama bado unanipa.

Nimekuandikia Julai, nimekuandikia tena tarehe tano mwezi huu, na sikupata hata mstari. Baba anasema u mzima, unakula, ila ukimwona mtu wa posta unaingia ndani. Nimelifikiria lile swali langu. Nilikuuliza kama ninavyowauliza watu nisiowajua, nikitaka jibu la kujazia sura, wakati wewe ndiye uliyezika mume. Naona aibu. Huna haja ya kunijibu.

Ninachokuandikia leo ni kingine. Bibi Pasing anaumwa, mapafu yamejaa maji. Anashindwa kulala chali, anakaa dirishani mchana kutwa ameegemea mito. Daktari amewaambia wanawe waite ndugu. Jana aliniita nikaribie akaniambia: "Mwambie dada aje nimwone tu. Hana haja ya kusema lolote."

Boti kutoka Lucena ni mwendo wa saa tatu tu. Naweza kuja kukuchukua hata kesho. Nakuomba.

Vangie wako


Sariaya
5 Septemba 1993

Mjukuu wangu,

Simu ilipigwa Ijumaa kwa baba yako, naye akaja akavua kofia mlangoni, nikajua. Barua hii nampa kondakta wa basi la bandarini, nimemwambia ikichelewa nitaijua nyumba ya mama yake.

Nilikuwa nimefunga mkoba Alhamisi. Bado umefungwa, uko juu ya kitanda. Siku moja tu, Vangie. Miaka yote hiyo, halafu siku moja.

Kwenye maziko siji. Siwezi kutazamana na watoto wake huku mama yao amelazwa katikati yetu. Ila nina ombi, nalo simwambii mwingine. Akishazikwa njoo hapa, na usisimame popote. Usiingie duka, usile, usikae kibarazani kwa mtu. Kwenye boti ukae peke yako, kwenye basi usishuke. Njoo naye. Wewe alikupenda, utafuatwa. Nina neno la kumwambia.

Najua ninalokuomba hakuna mtu aliyewahi kumwomba mjukuu wake. Ndiyo sababu nakuomba wewe, unayeuliza itakuwaje.

Bibi yako,
Iluminada


Quezon City
22 Septemba 1993

Bibi yangu,

Naushika mkono wako, na safari hii sijui kama nastahili kuuweka kwenye paji langu. Natumaini unalala vizuri. Mimi silali.

Tangu nirudi chuoni nimeandika barua hii mara nne na kuichana mara nne. Basi naandika haraka kabla sijaichana ya tano.

Baada ya maziko tulipanda gari moja, watu kumi na mmoja, kwenda bandarini. Kabla ya bandari kuna duka la mikate. Dereva akasimama, wote wakashuka kujikung'uta. Nikabaki. Dereva akafikiri nimelala, akanigusa bega. Nikasema sishuki. Pembeni yangu alikuwa amekaa mjukuu wa Bibi Pasing, mwanamke wa rika langu, na mtoto mchanga wa miezi miwili. Alinitazama, akamtazama mwanawe, akamfunika kichwa kwa kanga yake yote. Hakunitukana. Alisema tu, kwa sauti ndogo, "Dada, nakuomba, tutapanda boti moja na wewe."

Nikashuka, Bibi. Nilikaa, nikanywa nusu kikombe cha kahawa, nikauma mkate. Wote wakashusha pumzi.

Nilipofika kwako ulikuwa mlangoni. Ukaniuliza, "Umesimama popote?" Nikasema hapana. Ukanipita kwa macho, ukatazama nyuma ya bega langu, ukasema, "Ingia, Pasing. Ingia ukae, njia ndefu." Ulikuwa umepika kwa ajili ya watu watatu na umemwekea kiti chenye mto. Ukanituma nje nikawalishe kuku, ukafunga mlango, ukazungumza hadi wali ukapoa. Sikusikia maneno, nilisikia sauti tu, ikipanda na kushuka, na mara moja nikakusikia ukicheka. Ulipotoka ulikuwa mwepesi kama mtu aliyetua mzigo wa kuni.

Ulizungumza na kiti kitupu, na mimi nilijua. Nimekuwa nikijiambia kwamba mimi ni mtafiti, siamini kama wafu wanafuata watu, kwa hiyo sikukunyima kitu. Lakini kama siamini, kwa nini nilishindwa kumeza ule mkate? Nilikudanganya usoni. Nisamehe ukiweza.

Mjukuu wako,
Vangie


Sariaya
30 Septemba 1993

Vangie,

Mungu akubariki, mbwa wewe. Goti linauma, sitakudanganya, maana nyumba hii ina waongo wa kutosha.

Siku mbili nilikuwa na hasira hata kuku hawakula. Nilimwambia baba yako akukate jina. Akaniuliza jina lipi, nikasema yote. Siku ya tatu nikamfikiria yule mama mwenye mtoto. Ungebaki garini ningekuwa nimemletea mtoto mchanga wa ukoo wangu hofu hiyo, ili tu mimi kikongwe nipate nafuu. Ulifanya vyema kushuka. Ulifanya vibaya kusema hapana. Nimemaliza.

Lakini umeniacha pabaya. Lile neno nililihifadhi miaka hamsini na mitano, nikalimwagia kiti. Kwa hiyo hakuna aliyelisikia bado, na swali lako la Julai halijajibiwa. Majuto ni mjukuu, wanasema, na wangu ana kalamu. Andika basi.

Niliyepaswa kungoja ni mimi. Pasing hakuweza kungoja, tumbo lilikuwa limeanza kuonekana. Mama alinipigia magoti, mama yangu mzazi, akanisihi nisubiri mwaka mpya uingie. Wiki sita tu, Vangie. Nikamjibu kwamba gauni limeshonwa, nguruwe amenona, na sitaisogeza harusi yangu kwa ajili ya aliyeshindwa kujizuia. Nilimpenda Florencio na nilikuwa na kiburi. Kama alianguka kwa sababu ya mwiko au kwa sababu mnazi ulikuwa umeloa, hilo mtalitafuta ninyi wa vitabu. Mimi sikuweza kuishi na neno kwamba nilikataa wiki sita, nikalitupa kwa mdogo wangu, naye akalibeba. Hakulirudisha hata kwako, ulipomuuliza. Alikwambia umuulize mkubwa. Nimelia juu ya hilo kuliko juu ya kifo chake.

Sasa. Arobaini yake ni tarehe kumi na mbili Oktoba. Wewe umesoma, unajua kwamba hadi siku hiyo marehemu hajaondoka, yumo nyumbani mwake anazungukazunguka. Kwa hiyo muda upo. Usimlete; nakwenda mimi. Njoo unichukue tarehe kumi asubuhi, kwa sababu boti naiogopa na sitaki baba yako anione nikiiogopa. Mkoba sikuufungua.

Nitalisema mbele ya watoto wake wote, kwa sauti, wakitaka kunifukuza wanifukuze. Nimekwisha kuwapelekea barua, kwa yule kondakta wa basi la bandarini, kwamba naja. Sikuweza kuandika kwamba naja kama nani kwao, nikaacha nafasi tupu mwishoni, na leo asubuhi imenirudia kwa njia ileile: wameniandikia kwamba barua haikutiwa sahihi, wanauliza imetoka kwa nani. Nimewajibu, na karatasi ile nimeitia sahihi kama ninavyotia hii.

Mimi,
dada yake Pasing