Maji ya Kunawa

Jumamosi, 1 Novemba

Leo tena nimefika kwa bibi yangu wa kazi, yule mzee ninayemtunza, saa moja, nikamvisha, nikampikia uji wake wa oats, nikamsikiliza akinieleza habari za mbwa wake aliyekufa zamani. Ni mama mzuri. Lakini nikiwa nafunga vifungo vya sweta yake akili yangu ilikuwa kwa pampu. Nimeangalia video kumi na nne za kuwinterize trela, zile nyumba ndogo za kukokotwa na gari, ili baridi isiziharibu. Kumi na nne! Naweza kusema hatua zote nikiwa nimefunga macho. Unatoa maji yote kwa mabomba ndiyo yasigande yakapasua, unafunga njia ya heata ya maji ibaki tupu, unavuta ile dawa ya pinki isiyoganda na pampu, unafungua mfereji mmoja mmoja mpaka pinki itoke. Kwisha.

Nimefika nyumbani Wheaton, hapa Maryland, mbio mbio. Anko Mwangi alikuwa uani, karibu na trela. Na Espoir.

Espoir ndiye alikuwa ameshika spana.

Jumapili, 2 Novemba

Sikulala vizuri. Wacha niandike kilichotokea, labda kitashuka.

Anko anafanya kazi ya mabomba. Ana van. Winta ikikaribia anazunguka kuhudumia trela za watu, nyingi ziko kwa ile yadi ya kuzihifadhi kule Manassas. Mgongo wake umeanza kumsumbua, anatafuta mtu mmoja wa kumfunza kazi kabisa, mpaka apate leseni. Mimi ndiye nilimwomba. Mwezi wa sita. Mbele ya Anti Nyambura, akiwa anasonga ugali. Anko akasema tutaona.

Sasa ameona. Ameona kijana wa Uvira, Kongo, anayekaa Riverdale Park, walijuana kanisani juzi tu. Amempa trela yake mwenyewe kama mtihani. Baridi kali ya kwanza ikipita, siku jua likitoka, Anko atarudisha maji na kufungua mifereji yote. Kusipovuja, Espoir ana kiti kwa van.

Nikauliza, na mimi je? Anko akacheka, si vibaya, lakini alicheka. "Shiro, wewe mdomo wako ni wa fundi. Mikono bado sijaiona."

Ataionaje na hajanipa kitu nishike?

Jumanne, 4 Novemba

Wivu. Sitaki kujidanganya na jina lingine. Ni wivu.

Nilimchungulia kupitia dirisha la basement, pale ninapolala. Anafanya pole pole, mpaka unataka kupiga kelele. Anapanguza kila kifuniko kabla ya kukirudisha. Alilala chini kwa majani yenye maji, bila kulalamika, akafungua vile vifuniko vya kutoa maji. Akangoja mpaka tone la mwisho. Mimi ningekuwa nimemaliza na kunywa chai.

Pinki ilitoka kwa sinki, kwa choo, kwa shawa. Hata akapiga magoti kwa heshima mbele ya ile shawa ndogo ya nje. Kisha Anti akampelekea chai na mandazi. Mandazi nilizokanda mimi.

Alinisalimia. "Dada Shiro, habari ya kazi?" Nikasema poa. Mtu mzuri ni ngumu kumchukia, inakuchosha.

Jumamosi, 8 Novemba

Kesho fellowship ya kanisa ni kwetu. Watu thelathini, labda zaidi. Siku nzima nimekata sukuma, nimechambua mchele, nimekunja tishu. Anko na Espoir wamesimamisha hema uani. Walikuwa wanacheka. Sijui nini kilichekesha.

Jumapili, 9 Novemba

Nimefanya kitu. Nitaandika vile kilikuwa.

Wageni walikaa uani chini ya hema. Jikoni kulijaa akina mama na sufuria, sinki huwezi kuifikia. Choo cha chini, foleni. Anti akanipa jagi, beseni na taulo begani: nawisha wageni. Nikamwambia maji nitatoa wapi? "Shiro, jua vile utafanya!"

Basi nikajua. Trela iko hapo, ina mfereji, mpira wa maji uko hapo ukutani. Nikauunganisha na trela dakika moja tu, bila hata kuangalia. Nilijisikia fundi. Mfereji wa sinki ukakohoa, ukatema pinki, nikaiacha iende, yakaja maji safi. Nikajaza jagi. Nikajaza tena. Mara sita! Na kila mara nilijiambia, ona, Shiro hashindwi.

Nikazunguka nikinawisha. Mchungaji. Wazee. Akina mama. Nikafika kwa Espoir, amekaa karibu na Anko kama mkwe. Nikainama, nikamwagia. Mimi naye umri mmoja, na mimi ndiye nimeinama.

Akasugua vidole. Akasugua tena. "Dada, mayi hii inateleza."

Hapo ndipo ilinigonga. Nimetoa dawa yote. Mabomba yake sasa yamejaa maji ya kawaida.

Nikasema, "Ni sabuni."

Aliniangalia. Akaangalia trela, mpira ukiwa bado umening'inia pale. Akafuta mikono kwa taulo langu, akasema merci, akageukia chakula chake.

Nilikula nyama mbili tu.

Jumatatu, 10 Novemba

Simu inasema Ijumaa asubuhi digrii ishirini na nne, hizi za Fahrenheit. Maji yanaganda kwa thelathini na mbili. Ishirini na nne ni ya kupasua.

Nikinyamaza, mabomba yatapasuka na itakuwa ni Espoir. Si mimi. Hakuna aliyeniona, kila mtu alikuwa anatafuta kiti. Anko atafungua mifereji, maji yatamwagika chini ya sinki, ataangalia mikono ya Espoir na atajua mikono si kila kitu.

Na kiti kitabaki wazi.

Nimeandika hiyo nikaisoma. Ni mimi nimeiandika.

Jumanne, 11 Novemba

Bado ishirini na nne.

Bibi yangu wa kazi aliniuliza mbona niko kimya leo. Nikamwambia baridi inakuja. Akasema baridi huja kila mwaka, mpenzi. Nikataka kulia, ati kwa sababu ya hiyo.

Najaribu kumtafutia Espoir makosa. Ongea yake ni pole pole. Viatu vyake vya kazi ni vya bei ya chini. Kiingereza chake kinasimama katikati ya njia. Haya yote yanahusiana nini na mabomba? Hakuna.

Kinachoniuma ni hiki. Mimi nimejifunza peke yangu. Hakuna aliyeniita nikae nione. Bomba la basement nililitengeneza mwenyewe, feni ya Anti, mlango wa friji wa jirani. Yeye aliitwa. Mtu akamwambia njoo, shika hii. Hiyo tu ndiyo nilitaka, kuitwa.

Jumatano, 12 Novemba

Espoir ameandika kwa simu. "Dada Shiro, trela iko bien?"

Nimekaa na hiyo meseji lunch yote. Anajua. Lazima anajua, aliona mpira. Kama anajua, mbona haambii Anko? Kama hajui, mbona ananiuliza mimi?

Nikamtumia kidole gumba.

Naona aibu mpaka masikio yanawaka.

Alhamisi, 13 Novemba

Nimetoka kazini saa saba. Nimenunua galoni tatu za pinki, nikazibeba kwa basi mapajani kama watoto. Anko na van yake walikuwa Manassas, Anti yuko kazini. Nyumba tupu. Jua lipo lakini halina nguvu, linazama saa kumi na moja hivi.

Nikatoa maji. Mikono ilikufa ganzi, glavu nimesahau, nani husahau glavu? Heata ilikuwa kavu kabisa. Espoir alifunga njia yake na hakuifungua, kwa hivyo mpira wangu haukuweza kuijaza. Usafi wake uliniokoa mimi. Nilikasirika nikiwa chini ya trela, nikakasirika kweli.

Kisha pampu. Nikatia mpira wa kuvuta kwa galoni, nikawasha. Pampu ikaimba. Haikuvuta. Nikazima, nikakaza na spana, nikawasha. Inaimba tu. Video kumi na nne na hakuna moja yenye pampu ya kuimba! Saa tisa na nusu. Nikakaza zaidi, nikasikia plastiki inalia. Nikaacha.

Nilikaa kwa ngazi ya trela kama dakika kumi. Nilitaka apatikane mtu mwingine wa kupigia. Hakuna.

Nikampigia. Sikusalimu. Nikamwambia pampu haivuti.

Hakuuliza pampu gani. "Umekaza na clé?"

"Na spana, ndio."

"Legeza. Iko raba ndogo ndani, ukikaza sana inapinda, pampu inavuta hewa. Lowesha na mayi, kaza na mukono tu. Pole pole, dada."

Pole pole. Nikalegeza. Raba ilikuwa imepinda kweli, kama mdomo wa mtu amenuna. Nikailowesha, nikakaza na vidole ambavyo sikuvihisi. Nikawasha. Sauti ikabadilika, ikawa nzito, pinki ikapanda kwa mpira. Nikapiga kelele! Yeye huko kwa simu akacheka, nikamchekea, kisha nikakumbuka nina hasira.

Alingoja kwa simu muda wote. Sinki moto, sinki baridi, shawa, choo. Nikamwambia nimemaliza.

"Na ile douche ya inje?"

Nilikuwa nimeisahau. Ile aliyoipigia magoti. Nikaenda nikaifungua, maji safi yakatoka kwanza, ya kutosha kupasua bomba lote la upande huo. Kisha pinki.

"Bon," akasema. "Ile mayi ya Jumapili, sabuni yake ilikuwa nzuri."

Nikakata simu. Sikuweza kusema pole. Neno fupi namna hiyo.

Ijumaa, 14 Novemba

Ishirini na tatu. Vioo vya magari vimekuwa vyeupe. Nilitoka na blanketi nikaenda kusimama karibu na trela kabla ya kazi, kana kwamba ningesikia kitu. Hakuna sauti.

Jioni Espoir hakuandika. Mimi ndiye niliandika. Pole kwa Jumapili. Akajibu, hakuna shida. Kumbe hilo neno halikuwa zito hivyo. Au lilikuwa, lakini lilibebeka.

Jumamosi, 15 Novemba

Jua. Anko ametoka na kofia yake na kikombe cha chai, Espoir amekuja na basi. Kabla Anko hajaunganisha mpira, nikaongea. Nilisema yote, haraka, bila kupumua. Jagi, mpira, wageni, siku sita za kunyamaza. Na kwamba nilitaka ipasuke.

Hiyo ya mwisho Espoir hakuwa anaijua. Niliona ikimfikia.

Anko aliweka kikombe chini. "Kwa hivyo umenawisha mchungaji wangu na dawa ya trela."

"Ilikuwa imetoka nyingi, Anko. Ilikuwa imebaki harufu tu."

Anti kutoka mlangoni: "Ndiyo maana akina mama waliniuliza mikono yao imelainishwa na nini! Nikawaambia ni maji ya Maryland!"

Akacheka mpaka akashika mlango. Anko hakucheka. Akafungua maji, akatuacha tumesimama, akaingia, akatoka, akalala chini kuangalia. Dakika ishirini. Hakuna tone.

Akasimama akishika mgongo. Akamwambia Espoir, Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi, usichelewe. Kwangu akasema trela irudishiwe dawa leo, na nitafanya mimi, na yeye ataangalia. Niliifanya. Mwisho alisema Jumamosi ninaweza kuja Manassas nikitaka. Jumamosi pekee. Kiti cha nyuma.

Nikitaka!

Na bado, nilipomwona Espoir akipewa ufunguo wa van, nikaona wivu tena. Haijaisha. Nilidhani ukishasema ukweli inaisha.

Jumamosi, 22 Novemba

Manassas. Yadi kubwa, trela zimepangwa kama ng'ombe kwa boma. Nilikaa nyuma kwa katoni za pinki, wao mbele. Kila kona galoni zilinigonga goti.

Tumefanya trela tano. Mbili Anko alinipa mimi. Nilikaza kila kitu na vidole. Shawa ya nje kwanza, kabla ya kingine chochote.

Espoir anaongea nami kama kawaida, lakini kuna kitu amekiweka mbali kidogo. Ni haki yake. Sijamuuliza.

Saa saba tukala kwa mlango wa van, chapati za Anti na dengu. Mikono yetu ilikuwa pinki na grisi. Yadi nzima haina mfereji wenye maji, sisi wenyewe ndio tumeyamaliza. Espoir akatoa thermos kubwa chini ya kiti chake. Akamnawisha Anko. Kisha akanigeukia, akasubiri na thermos mkononi. Ilinichukua muda kuelewa. Nikanyoosha mikono.

Akamwaga pole pole. Maji ya moto. Alikuwa amefikiria kubeba maji ya moto, na mimi sikufikiria. Nikamwonea wivu hata hapo, vidole vikirudi uhai kimoja kimoja.

Nikamwambia ahsante. Nikachukua thermos, nikamwagia naye.